Goti la Mchimbaji na Bei ya Kompyuta

Katika mgodi wa chini ya ardhi wa Bulyanhulu, Shinyanga, mwamba hauchorongwi kwa kukisia. Mpima wa mgodi husimamisha chombo chake, hulenga prizimu, akasoma pembe na umbali. Mashine inayomwongoza daktari kubadilisha goti haitofautiani sana na hiyo: kamera ya infraredi hufuatilia vitufe vinavyoakisi mwanga vilivyofungwa kwenye mfupa wa paja na muundi, na skrini huonyesha pembe ya kukata. Mgonjwa wa kwanza kubadilishwa goti kwa mwongozo wa kompyuta alipasuliwa Grenoble, Ufaransa, mwaka 1997.

Biashara yenyewe haiishii kwenye mashine. Fedha zinarudi kila goti bandia linapouzwa, pamoja na vifaa vya kutumia mara moja na kutupa. Mwaka 2013 Stryker ya Marekani iliinunua Mako, watengenezaji wa roboti ya upasuaji, kwa takribani dola bilioni 1.65, roboti ikawa mlango wa kuuzia viungo.

Kwa bibi wa Shinyanga mjini ambaye goti lake limesagika kwa uzee, sioni haja ya mashine hiyo. Daktari mzoefu mwenye vifaa vya kawaida anamtosha. Hesabu hubadilika kwa mchimbaji mdogo wa duara kule Geita aliyeangukiwa na kifusi akiwa kijana, akavunjika paja na kuwekewa chuma, na sasa goti lake nalo limesagika. Kwa njia ya kawaida daktari hupitisha ufito ndani ya mfupa wa paja ili apate mwelekeo. Chuma kikiwa bado humo, au mfupa ukiwa umeunga kombo, ufito haupiti. Kompyuta haiuhitaji. Takwimu za rejesta ya viungo bandia ya Australia zilizochapishwa 2015 nazo zinamhusu: kwa walio chini ya miaka 65, magoti yaliyolazimika kupasuliwa upya ndani ya miaka tisa yalikuwa asilimia 6.3 kwa kompyuta, na 7.8 bila hiyo.

Nani alipe? Mwajiriwa wa mgodi mkubwa akiumia kazini ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Wa duarani anaishi kwa mgao wa viroba vya mawe, hana mkataba, na ndugu ndio wanaochangishana apelekwe hospitali ya Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam. Mashine isiyopata wagonjwa wa kutosha ni hasara tupu. Ningekuwa mnunuzi, ningewakusanya kwanza wenye mapaja ya vyuma wa Kanda ya Ziwa nzima katika hospitali moja, ndipo nisaini mkataba wa viungo na muuzaji yeyote.