Kifuniko kikivunjika Nyamarambe: namna ya kutengeneza kingine kitakachodumu

Magari mengi ya mitumba yanayoingia nchini hushushwa hapa Mombasa, lakini hayazeekei hapa. Subaru Impreza iliyotoka Japani na kukaguliwa Kilindini unaweza kuikuta miaka kadhaa baadaye Nyamarambe, makao ya Gucha Kusini katika kaunti ya Kisii, ikipanda vilima vya udongo mwekundu huku bampa imefungwa kwa waya. Injini bado nzima na gia zinaingia vizuri. Kilichoisha ni plastiki: ukingo wa tairi, kifuniko cha taa ya ukungu, spoila ya nyuma, kipande cha dashibodi kinachozunguka redio.

Mapenzi ya Wakenya kwa magari haya hayakuanza jana. Mbio za Safari zilianza mwaka wa 1953, na Colin McRae aliposhinda mwaka wa 1997 akiwa na Impreza, vijana wengi waliapa kwamba siku moja wataendesha gari kama lile. Sheria zetu zinaruhusu gari la mtumba lisilozidi umri wa miaka minane. Kwa hiyo linapoingia tayari plastiki yake imeshapigwa na jua la miaka kadhaa, na kiwanda huenda kimeshaacha kuunda toleo lile.

Mwenye gari hubaki na njia tatu. Aagize kipande ng'ambo na kungoja, atafute cha mtumba kwenye maduka ya vipuri, au amwendee fundi amtengenezee. Njia ya pili ina mtego wake. Vioo vya pembeni na taa huibwa kwenye foleni na maegesho, kisha huuzwa bila risiti. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayepokea mali ya wizi akijua ni ya wizi, au akiwa na sababu ya kuamini hivyo, anaweza kufungwa hadi miaka 14. Ndipo njia ya tatu inapopata uzito: fundi akiweza kutengeneza kipande kinachodumu, mwizi anapungukiwa na mteja na pesa hubaki kijijini.

Neno kubwa hapo ni "kinachodumu". Vipande vingi vya kienyeji hupendeza siku ya kwanza, na baada ya mvua mbili vinapasuka au vinang'oka. Si kwamba fundi hana akili. Mara nyingi ni hatua moja au mbili zimerukwa.

Soma mgongo wa kipande kwanza

Kabla ya kugusa gundi, geuza kipande kilichovunjika uangalie upande wa ndani. Viwanda vingi huandika hapo aina ya plastiki kwa herufi. PP ni polipropilini, ile inayopinda bila kuvunjika, na mabampa mengi yametengenezwa kwayo. ABS ni ngumu zaidi, hutumika kwa vifuniko vya ndani, grili na spoila.

Herufi hizo ndizo zinazoamua kazi. Polipropilini haishiki gundi wala rangi ya kawaida. Inahitaji dawa yake ya kushikisha, na dawa hiyo ikikosekana rangi itabanduka kama ganda la ndizi. Bampa ya PP iliyopasuka huunganishwa vyema kwa kuyeyusha kijiti cha plastiki ya aina ile ile ndani ya ufa. Ukiiondoa na kuweka ya faibaglasi, umebadilisha kitu kinachopinda kwa kitu kinachopasuka. Kwenye barabara yenye matuta na mashimo, bampa hiyo haitakaa sana.

Faibaglasi ina mahali pake: spoila, ukingo wa tairi, tundu la hewa juu ya boneti, vifuniko vya pembeni. Watu wa Pwani wanaifahamu vizuri, kwa kuwa mafundi wa mashua hapa wamekuwa wakiitumia kwa miaka mingi. Kitu kinachostahimili mawimbi na chumvi hakishindwi na matope ya Gucha, mradi kimetengenezwa vizuri.

Kalibu ndiyo kazi yenyewe

Kipande kizuri hutoka kwenye kalibu nzuri. Fundi huanza kwa kuunganisha kile kilichovunjika, kujaza mianya kwa puti na kukipiga msasa hadi kirudi umbo lake kamili. Kasoro yoyote itakayobaki hapo itarudi kwenye kila nakala. Kama kipande cha kushoto kimepotea kabisa, cha kulia hakiwezi kutumika hivi hivi, kwa maana pande hizo ni kama viganja vya mikono. Inabidi umbo lichongwe upya likigeuzwa. Katika hili Gucha Kusini ina bahati: Tabaka, penye wachongaji wa mawe laini ya Kisii, ni jirani. Mkono uliozoea kutoa kiboko au bakuli kwenye jiwe hauwezi kushindwa na ukingo wa taa.

Kipande hicho hupakwa nta tabaka kadhaa, kila moja ikifutwa hadi ing'ae, ili kalibu isigandame. Kama kuna sehemu inayopinda kuelekea ndani, kalibu hujengwa kwa vipande viwili vinavyofungwa kwa bolti. Vinginevyo utalazimika kuvunja kimoja ili kutoa kingine.

Kalibu ikishakauka na kupakwa nta, hutangulia jelikoti, yaani ngozi ya nje ya kipande. Ikianza kunata bila kuchafua kidole, huwekwa mkeka wa nyuzi uliolowa resini. Mkeka wa gramu 450 kwa mita ya mraba hutoa unene wa karibu milimita moja, hivyo tabaka mbili au tatu zinatosha kwa vifuniko vingi. Mapovu ya hewa yatolewe kwa brashi au rola. Povu lililobaki ndipo ufa utakapoanzia.

Hali ya hewa ya Kisii si ya Mombasa

Hapa ndipo ujuzi wa Pwani unapohitaji kurekebishwa. Resini ya poliesta hukauka kwa kuchanganywa na hadena, kwa kawaida asilimia moja hadi mbili, yaani gramu 10 hadi 20 kwa kilo. Adhuhuri ya Mombasa, kiasi cha chini kinatosha, na ukizidisha mchanganyiko utachemka ndani ya kopo. Asubuhi ya baridi huko milimani, kiasi hicho hicho kinaweza kukuacha na kitu kinachonata hadi jioni. Pima kwa mizani, soma maagizo ya mtengenezaji, usikisie kwa kifuniko cha chupa.

Unyevu ni adui mwingine. Kisii hupata mvua karibu mwaka mzima, na mkeka uliovuta maji hauungani vizuri na resini. Uhifadhiwe juu, pakavu, ndani ya nailoni. Kipande nacho kisitolewe kwenye kalibu kabla hakijakomaa, maana kitajipinda na hakitakaa tena mahali pake.

Mwisho ni kinga ya jua. Faibaglasi isiyopakwa rangi hupauka na nyuzi zake kujitokeza. Rangi ya msingi, rangi ya gari, kisha vanishi angavu ya kukinga jua si urembo tu. Ndiyo maisha ya kipande.

Mashimo ya skrubu

Vipande vingi havifi katikati, vinafia kwenye skrubu. Plastiki hutanuka kwa joto kuliko chuma. Kipande cha ABS chenye urefu wa mita moja, joto likipanda kwa nyuzi 40, hurefuka milimita tatu hadi nne, huku chuma kilicho chini yake kikirefuka nusu milimita tu. Ukikaza kila skrubu kwenye shimo la duara, kipande hakina pa kwenda, kinapasuka. Dawa ni rahisi: shimo moja liwe la duara la kushikilia, mengine yawe marefu kidogo, na chini ya kila skrubu uwekwe washa mpana. Kwenye faibaglasi, bati dogo lizikwe ndani ya tabaka pale bolti itakapopita.

Wapo wanaouliza kuhusu printa za 3D. Zinafaa kwa vipande vidogo kama klipu na vifuniko vya swichi, lakini uliza aina ya plastiki. PLA, ambayo ni rahisi na maarufu, hulainika karibu na nyuzi 60, na dashibodi ya gari lililoachwa juani inaweza kupita hapo. ABS huvumilia hadi karibu nyuzi 100, na ASA huongeza uvumilivu wa jua.

Visivyoguswa

Kuna vifuniko ambavyo fundi mwaminifu anapaswa kuvikataa hata akiahidiwa pesa nyingi. Kifuniko cha mfuko wa hewa kwenye usukani au dashibodi kimeundwa kifunguke kwa namna maalumu kwa muda mfupi mno. Cha faibaglasi kinaweza kuzuia mfuko au kurusha vigae usoni mwa abiria. Vifuniko vya nguzo za madirisha vyenye mifuko ya pembeni ni vivyo hivyo. Hapo hakuna mbadala wa kipande halisi.

Fundi naye ajihurumie. Vumbi la nyuzi huingia mapafuni na mvuke wa resini hulewesha, kwa hiyo kazi ifanywe penye hewa, na barakoa inayofaa. Hadena ikiruka jichoni inaweza kupofusha, miwani ivaliwe. Na kamwe hadena isichanganywe moja kwa moja na dawa ya kuharakisha ya kobalti, kwani mchanganyiko huo unaweza kulipuka.

Maoni yangu ni haya. Mwaka wa 2018 mafundi wa Lamu walizindua Flipflopi, dau la mita tisa lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Nchi yenye mikono ya aina hiyo haina sababu ya kufunga bampa kwa waya. Kinachokosekana ni mafunzo ya muda mfupi karibu na watu, na cheti kinachomtambua aliyejifunzia chini ya mti. Mitihani ya ufundi ya NITA ipo. Kaunti za Pwani na za Kisii zingeweza kubadilishana mafundi, wa mashua wakafundisha kalibu, wachongaji wakafundisha umbo. Nawe mwenye gari, unapompelekea fundi kazi, mwulize maswali matatu: plastiki hii ni ya aina gani, umepima hadena kwa nini, na mashimo umeyaachia nafasi? Akikujibu bila kusita, mlipe anachostahili.