Una pesa ya ziada? Jinsi ya kupunguza malipo ya mkopo ya kila mwezi

Mahindi yakishauzwa Kitale mwezi wa Desemba, swali huwa lilelile: hii pesa iende wapi kabla shule hazijafunguliwa Januari? Kama una mkopo wa benki au Sacco, unaweza kuweka kiasi fulani kwenye mkopo huo ili malipo ya mwezi yashuke. Lakini kutuma pesa peke yake hakutoshi. Lazima useme ifanye kazi gani.

Tupige hesabu

Tuseme mwalimu wa Kitale alichukua mkopo wa Sh100,000 Februari, wa kulipa kwa miezi 24. Riba ni asilimia 1.5 kwa mwezi, inayopigwa kwenye deni lililobaki. Kila mwezi analipa kama Sh4,992. Desemba, akishalipa mara 10, bado anadaiwa karibu Sh62,600. Anauza magunia yake na kuongeza Sh20,000. Pesa hiyo inaweza kwenda njia tatu:

1. Malipo ya mwezi yapungue. Miezi 14 iliyobaki atalipa kama Sh3,398. Kila mwezi anabaki na karibu Sh1,600 mfukoni, na riba inapungua kwa kama Sh2,300.

2. Muda upungue. Anaendelea na Sh4,992, lakini anamaliza kwa miezi 10, na malipo ya mwisho ni kama Sh1,000 tu. Riba inapungua kwa kama Sh3,900.

3. Ihesabiwe malipo ya mapema. Pesa inakaa pale ikikatwa mwezi baada ya mwezi. Anapumzika kwa miezi minne, kisha anarudi palepale: Sh4,992. Hii ndiyo inaweza kukupata ukituma pesa na kunyamaza.

Ipi bora? Kama karo inakubana, chagua ya kwanza. Kama mshahara unatosha, ya pili inaokoa zaidi.

Si kila mkopo unakubali

Kuna mikopo ambayo riba hupigwa kwa pesa yote uliyokopa tangu siku ya kwanza, hata ukishalipa nusu. Hapo kuongeza pesa kunaweza kukosa faida, isipokuwa mkataba unasema utapunguziwa riba ukilipa mapema.

Mikopo ya simu nayo ni tofauti. M-Shwari, kwa mfano, ilipoanza Novemba 2012 ilikuja na ada moja ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Muuzaji wa nyanya soko la Chwele, Bungoma, akikopa Sh2,000 kwa mpango kama huo, ada ni Sh150, alipe siku ya tano au ya thelathini. Kulipa mapema kunamwepusha na kuchelewa, lakini ada haishuki. Kama ana mkopo mwingine wenye riba ya kila mwezi, pesa ya ziada ianzie huko.

Kabla hujatuma

Muulize afisa wa mikopo mambo matatu: Riba inapigwa kwenye deni lililobaki? Kuna faini ya kulipa mapema? Malipo mapya yataanza lini?

Kisha andika ujumbe au barua: *"Naomba Sh20,000 ninazolipa leo zipunguze deni lenyewe, na malipo yangu ya kila mwezi yahesabiwe upya."* Hifadhi SMS ya malipo na uombe ratiba mpya. Kama mkopo hukatwa kwenye mshahara, kagua hati ya mshahara ya mwezi unaofuata. Ukiona bado umekatwa kiasi cha zamani, rudi kwa afisa mara moja ukiwa na ile SMS.

Na tafadhali, usimalize pesa yote kwenye mkopo. Bakisha ya mbegu, mbolea na dharura. Ukiishiwa Februari ukakopa tena kwa simu, ile riba uliyookoa itaishia kwenye ada.