Arusha Inavyolea Waimbaji na Kuwapungia Mkono

Ukishuka daladala Mbauda Jumamosi saa kumi jioni, unapokewa na muziki kabla hujapokewa na mtu. Kinyozi ameweka spika mlangoni. Muuza mitumba ana yake, na tangazo la muuza dawa ya panya linajipenyeza katikati, linarudia maneno yaleyale mpaka usiku. Ukikata kuingia ndani Sombetini, kelele za soko zinapungua na kingine kinaanza kusikika: kwaya inafanya mazoezi kwenye jengo ambalo halijapauliwa upande mmoja, kinanda kimoja, sauti ya nne inakosea palepale, mwalimu anawarudisha mwanzo.

Sikiliza hizo spika za sokoni zinapiga nini. Karibu kila wimbo umetoka Dar es Salaam, au umetoka Lagos, au ni amapiano ya Afrika Kusini. Kijana aliyekulia mtaa wa nyuma ya soko hilohilo, anayeghani tangu darasa la sita na ambaye kila bodaboda wa hapo anamjua kwa jina, hapigwi. Atapigwa siku Dar ikimkubali. Siku hiyo kinyozi huyohuyo ataongeza sauti na kumwambia mteja aliye kitini: huyu ni chalii wetu, amekulia hapa.

Hilo ndilo linalonisumbua kuhusu mji wangu. Arusha ni jiji kwa miaka sasa, lakini kwa waimbaji wake bado ina tabia za mji mdogo: inawajua wote, inawapenda, inawatania, halafu inasubiri mtu wa mbali aje kuthibitisha kwamba wanafaa.

Tabia hiyo ina umri mrefu. Mwaka 1970 ndugu wa ukoo wa Kinyonga, Wilson Peter na George Peter, waliwasili Arusha wakitokea Tanga, ambako walikuwa wamepigia Jamhuri Jazz. Pamoja na ndugu yao William wakaunda bendi, wakaiita Arusha Jazz. Mwaka uliofuata walishavuka mpaka kwenda Mombasa. Huko walirekodi nyimbo kadhaa wakiwa bado na jina la Arusha, kisha wakageuka kuwa Simba Wanyika, na baadaye Nairobi ikawa makao yao. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao walijitenga wakaanzisha Les Wanyika, bendi iliyoleta "Sina Makosa", wimbo ambao hadi leo ukipigwa kwenye harusi ya Sombetini, wazee na vijana wanasimama pamoja. Wachache kati ya wanaosimama wanajua kwamba mzizi wa ule mpigo wa gitaa uliwahi kupita katika mji huu.

Siwalaumu akina Kinyonga. Enzi hizo mwanamuziki wa Tanzania aliyetaka kurekodi alielekea Radio Tanzania Dar es Salaam, umbali wa kilomita zaidi ya 600 kutoka hapa, na hata huko alirekodiwa kwa ajili ya kurushwa redioni tu. Hapakuwa na kiwanda cha kutoa sahani za santuri. Kampuni za santuri zilikuwa Nairobi. Kutoka Arusha hadi Namanga, mpakani na Kenya, ni kama kilomita 110 tu. Mtu mwenye gitaa na watoto wa kulisha alijua aelekee upande gani. Mpaka huo ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na usifunguliwe hadi 1983, waliokuwa wamekwenda walikuwa wameshapata wasikilizaji wa huko.

Kuna miji iliyofanikiwa kuwashika waimbaji wake kwa muda mrefu zaidi, na Morogoro ndiyo mfano ninaoupenda. Salum Abdallah alianzisha bendi yake pale mwaka 1948, ikaja kuitwa Cuban Marimba, naye akafia palepale Morogoro kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe akaibeba Morogoro Jazz hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya 1970, akiwakilisha taifa zima chini ya jina la mji wa mkonge na reli. Siri ya Morogoro haikuwa hewa ya Uluguru. Bendi nyingi za wakati ule zilizaliwa kama vyama: watu wa mji walijiunga, wakachanga, wakanunua vyombo, wakawa na ukumbi wao wa kuchezea wikiendi. Tabora Jazz, Jamhuri Jazz ya Tanga, zote zilikuwa na watu nyuma yake waliojiona wenye mali. Mwimbaji aliyetaka kuondoka alijua anaacha vyombo ambavyo si vyake, na jina ambalo si lake. Ulikuwa mfumo mgumu kwa msanii, wengi walilalamikia malipo, na Mbaraka mwenyewe aliondoka mwaka 1973 kuunda Super Volcano. Lakini mji ulikuwa umeweka pesa yake mezani.

Kizazi cha Arusha kilichofuata hakikuwekewa chochote mezani. Mwaka 1996, wakati redio binafsi ndiyo kwanza zinaanza kuzoeleka nchini, liliundwa kundi la X Plastaz. Wengi wao walivaa suruali pana na kughani kama vijana wengine wote wa miaka ile. Tofauti yao ilikuwa pale aliposimama Yamat Ole Meipuko katika mavazi ya Kimaasai na kuimba kwa lugha ya Kimaa, kwa ile sauti nzito inayotoka kooni, huku Gsann, Ziggy na Faza Nelly wakipokezana mistari ya Kiswahili juu yake. Albamu yao ya "Maasai Hip Hop" ilitolewa Ujerumani mwaka 2004. Walizunguka Ulaya. Faza Nelly alifariki mwaka 2006, na mji ulimlilia. Mwaka 2009 Gsann alighani kwenye duara la tuzo za BET Hip Hop nchini Marekani, bega kwa bega na KRS-One.

Kilichowapeleka mbali ni kile ambacho mtu wa Arusha hakioni kwa sababu anakiona kila siku. Morani anayelinda geti, mama wa Kiarusha aliyebeba ndizi mgongoni kutoka miteremko ya Meru, vijana wa kijiweni wanaovuta maneno kwa namna ambayo ukiwasikia Kariakoo unajua moja kwa moja wametoka wapi. X Plastaz waliyachukua hayo kama yalivyo. Nadhani ndiyo maana hip hop ya Arusha imedumu kuheshimika: Watengwa wa Kijenge, Nako 2 Nako, baadaye Weusi, wote walikataa kulainisha lafudhi. Joh Makini alijiita Mwamba wa Kaskazini, na jina likamkaa hata baada ya kufanya wimbo na AKA wa Afrika Kusini mwaka 2015.

Kukataa huko kuna gharama, na niseme wazi gharama yenyewe, inayoanzia kwenye meno. Maji yetu yanapita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru na kubeba madini ya floraidi. Mtoto aliyeyanywa wakati meno ya ukubwani yanakomaa ndani ya fizi anatoka na meno yenye rangi ya kahawia, na hakuna mswaki unaoondoa. Hapa Sombetini hakuna anayekuangalia mara mbili. Ukifika Dar kutafuta studio, unataniwa meno kabla hujafungua mistari, kisha unataniwa lafudhi. Wako waliojifunza kufunga midomo kwenye picha. Nikiona video ya kijana wa hapa akicheka meno yote nje, najua amevuka kitu ambacho mtayarishaji wake huenda hakukiona.

Dogo Janja alivuka mapema mno. Rapa huyo, jina lake halisi Abdulaziz Chende, alitoka Ngarenaro akiwa bado mdogo, akachukuliwa na msanii Madee kwenda kundi la Tip Top Connection, Manzese, Dar. Nchi nzima ikamjua. Kisha mambo yakaharibika, akarudi Arusha kwa muda, na baadaye akaenda tena Dar na kufanikiwa upya. Katika hayo yote hakuacha kulitaja jina la kata yake. Upo hata wimbo alioupa jina "Ngarenaro". Mwaka 2025 akaja kuwania udiwani wa kata hiyohiyo kwa tiketi ya CCM.

Njia hiyo ya kurudi nyumbani kupitia sanduku la kura imeshazoeleka. Rapa Sugu alichaguliwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010. Profesa Jay, ambaye miaka ya mwanzo ya 2000 aliimba "Ndiyo Mzee" kuwachambua wagombea wanaoahidi kila kitu, aliomba kura Mikumi mwaka 2015 na akapewa. MwanaFA alipata Muheza mwaka 2020. Nikki wa Pili wa Weusi aliteuliwa mkuu wa wilaya mwaka 2021, ingawa yeye alipelekwa Kisarawe, mbali na nyumbani. Watu wengi huwacheka wasanii wanaoingia siasa. Mimi naona jambo la maana ndani yake: mji uliomsindikiza mtoto stendi unampa kazi akirudi. Ila unampa kazi ya kusimamia mitaro na madawati. Kazi aliyoondoka nayo, ya kuimba, bado haina pa kukaa.

Tuingie basi kwenye studio ya mtaani, maana zipo. Ni chumba kimoja cha kupanga. Godoro la zamani limesimamishwa ukutani kuzuia mwangwi, trei za mayai zimegundishwa juu yake, kompyuta inapuliziwa na feni ya mezani ambayo lazima izimwe kila mtu anapoingiza sauti. Umeme ukikatika katikati ya ubeti, mnatoka nje mnakaa kwenye ndoo mpaka urudi. Mtayarishaji ni fundi simu mchana. Anajua sauti ya kila mwimbaji wa kata hii, nani anakwenda juu ya mdundo, nani pumzi inamwishia. Kazi yake ikikamilika inatumwa kwa simu, kutoka WhatsApp hadi WhatsApp, na bodaboda ndio redio yake.

Pesa inayozunguka humo kwa uhakika haitoki kwenye nyimbo. Inatoka kwenye harusi, kipaimara, sendoff na misiba. Kijana anayeghani vizuri anaishia kuwa MC, kwa sababu MC analipwa Jumamosi usiku na kuondoka na chakula. Mwenye sauti nzuri ya kuimba anachukuliwa na kwaya, na kwaya, pamoja na sadaka zake za jumuiya na sare zake za kuchangishana, ndiyo taasisi pekee ya muziki hapa inayofanana na zile bendi za Morogoro za zamani. Watu wanachanga, wanamiliki vyombo, wana mahali pa kufanyia mazoezi. Ndiyo maana ile kwaya isiyo na bati upande mmoja inafanya mazoezi kila wiki, wakati kundi la hip hop la jirani limeshavunjika mara tatu.

Januari 2022 COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, iligawa mirabaha ya nyimbo zilizopigwa redioni, shilingi milioni 312 kwa wasanii zaidi ya 1,000. Ni hatua niliyoifurahia kwa dhati. Lakini mirabaha hufuata kilichopigwa, na kama redio za hapa Arusha, sawa na spika ya kinyozi wa Mbauda, hazimpigi kijana wa Sombetini, hesabu yake ni sifuri kwa uhalali kabisa.

Iko fedha nyingine iliyo karibu zaidi. Tangu 2018 sheria inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejea mwaka uliofuata. Vijana wa kata zetu huiombea bodaboda, kuku wa mayai, cherehani na mashine za kufyatua tofali. Ningependa maofisa maendeleo ya jamii walione ombi la kikundi kinachotaka kompyuta ya maana, kipaza sauti, betri ya kushikilia umeme ukikatika na kodi ya chumba ya mwaka mmoja, wakilipima kwa vigezo vilevile wanavyopimia kuku: wanachama ni nani, wateja wako wapi, marejesho yatatoka wapi. Wateja wako hapohapo: makanisa yanayotaka kurekodi kwaya zao, maharusi, wauza dawa ya panya wanaohitaji tangazo jipya. Fundi simu yuko tayari kufundisha, na ameshaanza kufundisha watatu.