Jinja na Mbale: Ujira wa Askari Walioijenga Nchi

Tarehe 28 Julai, 1862, Mwingereza John Hanning Speke alisimama penye maporomoko ya Jinja, akayapa jina la Ripon, mkuu wa chama cha wanajiografia cha London. Wasoga walikwisha kuyajua tangu enzi za mababu. Tena Speke hakujileta mwenyewe: msafara wake ulichukuliwa na wapagazi na askari kutoka Unguja, miongoni mwao Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akali mtoto.

Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba, 1962, miaka 100 baadaye. Katika karne hiyo mipaka ilifuata nyayo za askari, na askari huyo, kama ajuavyo kila avaaye sare, hudai haki yake mwisho wa mwezi.

Waingereza walipotangaza himaya yao mwaka 1894, na kuieneza hadi Busoga mwaka 1896, tegemeo lao lilikuwa Wasudani waliosalia katika jeshi la Emin Pasha, ambao Lugard aliwachukua mwaka 1891. Wasudani hao walipigana vita baada ya vita. Mshahara ulikuwa mdogo, tena ulichelewa. Mwaka 1897 waliamriwa kwenda safari nyingine ya mbali na kuwaacha wake zao. Wakaasi huko Ravine, wakarudi hadi ngome ya Luba, ukingoni mwa ziwa huko Busoga. Meja Thruston, aliyewaamini mno, aliingia ngomeni kuwatuliza. Walimfunga, na baada ya mapigano makali ya tarehe 19 Oktoba wakamwua pamoja na Waingereza wenzake wawili. Ngome haikuachwa mpaka Januari, 1898, na askari wa Kihindi iliwabidi waletwe kuuzima uasi huo.

Upande wa Mbale mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyeshiriki kuwakamata Kabalega na Mwanga mwaka 1899, aliingia Bukedi na jeshi lake mwenyewe, akajenga ngome Budaka, kisha akaanzisha mji wa Mbale chini ya Mlima Masaba. Watu wake walilipwa kwa ardhi na uchifu; Wagisu na Wagwere, wenye ardhi hiyo, hawakuulizwa. Kakungulu alitumaini kuwa mfalme. Waingereza walimnyang'anya Budaka mwaka 1902, na mwaka 1906 wakampeleka Jinja kusimamia baraza la machifu wa Busoga.

Reli ya Jinja hadi Namasagali ilifunguliwa mwaka 1912. Bwawa la umeme lililofunguliwa mwaka 1954 liliyafunika maporomoko ya Speke.

Bendera mpya ilipopandishwa, kambi ya Jinja ilikuwa na askari wa Uganda chini ya maofisa wa Kiingereza, na swali la mwaka 1897 lilikuwa bado halijajibiwa. Januari, 1964, askari hao walimzuilia kambini Waziri Felix Onama, wakidai nyongeza ya mshahara. Onama aliikubali. Serikali ikaomba majeshi ya Uingereza, nayo yakaizingira kambi.