Likizo ya Unguja na Kipakiti cha Karafuu

Baadhi ya wanachama wametuuliza kwa nini ofisi ilifungwa siku nne mwezi uliopita. Jawabu ni kuwa tulikwenda Unguja kutembea, sisi na wenzetu wawili wa kamati, baada ya kumaliza mahesabu ya msimu. Hatukwenda kwa kazi. Lakini mtu wa karafuu hata akienda kupumzika pua yake haipumziki, na tuliyoyaona hatukuona haki kuyanyamazia.

Tulipanda meli Mkoani, tukashuka Malindi, na asubuhi ya pili tukaingia Darajani. Soko hili lilifunguliwa mwaka 1904, na hadi leo ni nadra mgeni kufika Mji Mkongwe asilipitie. Samaki na nyama hununuliwa na wenyeji. Wageni hujazana penye viungo. Hapo utakuta iliki, mdalasini, kungumanga, pilipili manga na vanila, vyote katika vipakiti vidogo, na vipakiti vyenyewe vimepangwa ndani ya vikapu vya ukili. Mgeni hununua vitano sita, maana ni vyepesi kubeba na kila nyumba ya kwao ina mtu wa kupelekewa zawadi. Kuna na zafarani pia. Hiyo tuliipita tukicheka, kwa sababu zafarani ya kweli ni nyuzi nyembamba zitokazo ndani ya ua, na kilo moja hutaka maua zaidi ya laki moja. Mtu akiuziwa mfuko kwa bei ya vikombe viwili vya kahawa, ajue kuwa kilichomo ni maua ya mmea mwingine.

Msitucheke sisi nasi: tulinunua karafuu. Watu wa Pemba kununua karafuu Unguja! Mwenzetu mmoja alisema ni sawa na mvuvi kwenda sokoni kununua dagaa. Lakini tulitaka kujua mgeni anachukua nini kwao. Tulitoa shilingi 5,000, hatukuomba kupunguziwa, na jioni tukakimwaga kipakiti juu ya gazeti nyumbani tulikofikia.

Katika punje 100 za mwanzo tulihesabu 31 zisizo vichwa na 22 zilizokuwa makonyo matupu. Nyingi katika zilizobaki zilikuwa za kijivu zenye mikunjo, yaani zilizochachuka kwa kulundikwa kabla ya kuanikwa. Tulizibonyeza kwa ukucha, mafuta hayakutoka. Tukatia chache katika gilasi ya maji. Karafuu nzuri huzama au husimama wima, hizi zililala juu ya maji kama vijiti. Tuliporudi tulipima kipakiti kwa mizani ya ofisi, kikawa gramu 40. Kwa hesabu hiyo kilo moja ni shilingi 125,000. Kila mwanachama ailinganishe mwenyewe na stakabadhi yake.

Hatumlaumu muuzaji peke yake. Huenda naye aliuziwa hivyo hivyo. Linalotuuma ni kuwa mgeni yule ataifungua karafuu hiyo jikoni kwao, ataitia katika chai, hataona ladha, na atasema karafuu ya Zanzibar ndiyo hii. Hatajua kuwa kuna kijana aliyepanda mti mrefu kuliko nyumba, na mama aliyekaa juu ya jamvi akichambua mpaka usiku.

Siku ya tatu tulifuatana na wageni kwenye shamba la viungo nje ya mji. Kijana mwenye kuwaongoza alikuwa mchangamfu, akiwavunjia majani wanuse na kubahatisha jina, na wageni wakifurahi kama watoto. Kwenye mkarafuu bibi mmoja aliuliza kama karafuu ni tunda au ni mbegu. Kijana akajibu ni mbegu. Tulinyamaza, kisha tukashindwa.

"Samahani, mdogo wetu," tukamwambia, "karafuu ni ua ambalo bado halijafunua. Likishafunua, thamani yake imekwisha."

Akatutazama. "Kaka zangu, nyinyi wa Pemba nini?"

Tukasema ndiyo. Kwa uungwana wake akatuachia nafasi tuwaeleze wageni. Tuliwaeleza jinsi kilo tatu hivi za mbichi zinavyotoa moja kavu, na jua la siku kadhaa linavyohitajika. Tukawaeleza pia kuwa mikarafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na historia humtaja Saleh bin Haramil kuwa ndiye aliyeileta; kisha kimbunga cha mwaka 1872 kikaiangusha mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika, na tangu hapo karafuu nyingi zikawa zetu. Yule bibi aliuliza mbona hakuna aliyemwambia habari za Pemba. Hatukuwa na jawabu la kumpa.

Sasa, tunajua kuwa karafuu zetu kwa sheria tunamuuzia Shirika la ZSTC, na hatusemi mtu ajifungulie meza njiani. Tunachoomba ni vitu viwili. Katika mkutano ujao tutaleta rai ya kuandika karatasi moja fupi ya kuwapa vijana wanaotembeza wageni, ieleze karafuu ni nini na nzuri hujulikanaje. Na wale wenye jamaa wafanyao kazi katika mahoteli ya hapa kwetu, wawahimize wageni wafike kiwanda cha mafuta ya makonyo karibu na Chake Chake, na wakati wa mavuno waone majamvi yakianikwa. Wengi huja kwa bahari na Misali tu, wakaondoka.

Kipakiti tumekiweka juu ya meza ya ofisi, pamoja na gilasi ya maji. Mwanachama apitaye na ajaribu.