Muuguzi Mmoja Ni Watu Watano

Makazi ya wazee ya Bukumbi yako wilayani Misungwi, kusini mwa Jiji la Mwanza, si mbali na Kigongo linapoanzia Daraja la J.P. Magufuli lililofunguliwa Juni 2025. Ni makazi ya serikali. Humo wanaishi wazee wasio na wa kuwatunza, wakiwamo waliowahi kuugua ukoma. Ukoma wenyewe hutibika kwa dawa za miezi 6 hadi 12, lakini neva zilizokwisha kufa ganzi mara nyingi hazirudi. Mguu hauhisi mwiba wala kaa la moto.

Mguu wa namna hiyo una kazi zake kila siku: kukaguliwa, kulowekwa majini, kusuguliwa sugu, kupakwa mafuta, na kama kuna kidonda, kukisafisha na kukifunga. Mzee mwenye macho na vidole hujifanyia mwenyewe. Asiye navyo hungoja mtu. Kazi hii haina mashine wala chumba cha upasuaji, kwa hiyo ni rahisi kwa anayepanga idadi ya watumishi akiwa ofisini kuidharau.

Ukitaka kuona uzito wa kazi za namna hii, panda kilimani Bugando jijini Mwanza, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971, saa ya kuona wagonjwa. Ndugu wanapanda na hotipoti, chupa za chai na mashuka. Wao ndio wanaolisha, wanaosaidia kuogesha, na wanaokimbia kumwita sista dripu inapokwisha. Katika hospitali nyingi za Tanzania pengo la wauguzi huzibwa na shangazi na wadogo wa mgonjwa, jeshi ambalo halimo kwenye ikama yoyote. Aliyeko kwenye makazi ya wazee hana shangazi huyo. Angekuwa naye, pengine asingefika hapo. Hivyo uwiano wa wauguzi uliozoeleka wodini, ukihamishiwa makazi ya wazee, unapungua papo hapo hata kama karatasi inaonyesha namba ileile.

Shirika la Afya Duniani lina njia ya kupanga watumishi, WISN kwa kifupi, ambayo Tanzania nayo imeitumia. Haianzi na vitanda. Inaanza na saa: kila kazi inachukua muda gani, inafanywa mara ngapi, na mtumishi mmoja ana saa ngapi za kazi kwa mwaka.

Tuifanye hesabu hiyo. Mwaka una siku za kazi 260. Toa likizo, sikukuu, kuugua na mafunzo, zinabaki kama 220, sawa na saa 1,760. Chukua makazi ya mfano yenye wazee 10 wasioweza kujigeuza kitandani. Ili wasipate vidonda vya kulalia, wageuzwe kila baada ya saa 2, dakika 5 kila mmoja. Hiyo ni saa 10 kwa siku, saa 3,650 kwa mwaka: watumishi 2 wa kugeuza tu. Mzee mzito hugeuzwa na watu wawili, na hapo wanakuwa 4. Bado hujagusa uji, kuogesha, dawa za presha, wala miguu ya ukoma.

Kuna hesabu nyingine fupi inayoshangaza zaidi. Mwaka una saa 8,760. Ukizigawa kwa 1,760 unapata karibu 5. Maana yake, kuwa na muuguzi mmoja tu zamuni, mchana na usiku bila kukosa, kunadai kuajiri watu watano. Makazi yenye wauguzi wawili yanaweza kusifiwa mchana. Usiku mwingi hayana muuguzi.

Hata nchi tajiri hazijalimaliza suala hili. Mwaka 2024 Marekani ilitangaza kanuni ya angalau saa 3.48 za uuguzi na uhudumu kwa kila mkazi kwa siku. Wamiliki wa nyumba za wazee walikwenda mahakamani wakidai watumishi hawapatikani, na Aprili 2025 mahakama ya shirikisho huko Texas ikaitengua.

Tanzania ugumu una sura nyingine. Tangu Januari 2022 masuala ya wazee yako Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, wakati uuguzi ni taaluma ya Wizara ya Afya na zahanati za wilayani ziko chini ya TAMISEMI. Muuguzi wa makazi anaangukia katikati ya meza tatu. Ni rahisi kila meza kuamini nyingine imemhesabu.

Wanaoandaa ikama ya mwaka ujao waache kuuliza makazi yana wazee wangapi. Waulize ni wangapi hawawezi kujigeuza, ni wangapi wana vidonda, na nani yupo saa nane usiku.