Mtoto wa Kilembwe arudi shule: sisi wamama tufanye nini?



Asubuhi, ukisimama kando ya barabara hapa Kilembwe, utawaona watoto wa aina mbili. Wa kwanza wamevaa shati nyeupe, daftari mkononi. Wa pili wamebeba chepeo na karai, wanaelekea kwenye machimbo ya dhahabu. Umri wao ni mmoja. Wote tumewazaa sisi.

Wiki hii tuzungumze juu ya hawa wa pili, na juu ya wale tusiowaona kabisa kwa sababu wako porini na bunduki.

Tunajua namna inavyoanza. Mtoto anarudishwa nyumbani kwa sababu ya deni, au mwalimu hakuja siku tatu. Anaanza kuzungukazunguka. Rafiki anamwita chimboni. Jioni analeta sabuni, chumvi na kilo ya mchele. Na sisi? Tunapokea, tunamshukuru, hatumuulizi masomo yamefika wapi. Kutoka chimboni hadi kwenye kikundi chenye silaha si mbali, maana wenye bunduki wanafuata penye pesa. Njaa ndiyo imetufunga mdomo. Lakini tukinyamaza, tutawapoteza.

Sheria inasema nini

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima na ni bure katika shule za serikali. Miaka mingi sisi wazazi tuliendelea kulipa prime ya walimu. Ni mwezi wa 9 mwaka 2019 serikali ilipoanza kutekeleza masomo ya bure. Kwa hiyo mtoto wa shule ya msingi asifukuzwe kwa ajili ya prime.

Shida haijaisha. Watoto waliongezeka madarasani, na walimu wengi wanaoitwa NU wamefundisha bila mshahara wa serikali. Tena mtoto akimaliza mwaka wa 6, malipo yanarudi, na hapo ndipo wengi wanapokatika, hasa wasichana.

Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kuingiza mtu wa chini ya miaka 18 katika jeshi, polisi au kikundi chochote chenye silaha. Adhabu yake ni kifungo cha miaka 10 hadi 20. Mwaka 2012, mahakama ya kimataifa ya La Haye ilimhukumu Thomas Lubanga wa Ituri miaka 14 kwa sababu aliwatumia watoto vitani. Basi anayekuja kumwomba mtoto wako "alinde kijiji", anaomba kitu ambacho sheria inakiita kosa kubwa. Hata kama ni ndugu. Hata kama anasema ni kwa ajili ya kabila.

Kazi iliyo mikononi mwetu

1. Tuingie katika komite. Kila shule inapaswa kuwa na komite ya wazazi (COPA) na komite ya usimamizi (COGES). Tusiwaachie wababa peke yao. Tuulize: pesa za uendeshaji zimefika ngapi, zimefanya nini, walimu wangapi hawalipwi?

2. Watoto watembee pamoja. Wanaotoka mbali waende kwa kundi, na wamama wapokezane kuwasindikiza, zaidi kwa ajili ya wasichana. Njia ikiwa na hatari, habari ifike kwa chifu na kwa mkurugenzi kabla watoto hawajaondoka.

3. Tufungue mfuko wa masomo ndani ya AVEC na MUSO zetu. Kikundi cha wamama 25, kila mmoja akiongeza franka 500 kwa wiki, kinapata 12.500. Kwa wiki 40 ni franka 500.000. Hiyo inaweza kuwasaidia waliofaulu mwaka wa 6 wasiishie hapo.

4. Tumsaidie mwalimu asiyelipwa. Siku moja ya kulima shamba lake, au kikapu cha mihogo, inaweza kumbakiza darasani. Iwe kwa hiari tu, na mtoto asifukuzwe kwa sababu mama yake hakutoa.

5. Waliochelewa wasikate tamaa. Kuna masomo ya rattrapage: miaka 6 ya msingi inafundishwa kwa miaka 3. Komite zetu ziombe kwa ofisi ya elimu darasa la namna hiyo lifunguliwe karibu na sisi.

Na aliyetoka porini akirudi? Tusimwite "Mai-Mai" kisimani. Tusiwakataze watoto wetu kukaa naye benchi moja. Mtoto anayetukanwa nyumbani anajua mahali alipokuwa akiheshimiwa, na bunduki bado inamngoja huko. Tumpe daftari, tumwite kwa jina lake.

Mkutano ujao, kila mama aje na jina la mtoto mmoja asiyesoma katika mtaa wake, hata kama ni wa jirani, hata kama ni wake mwenyewe. Tusione haya. Tutaandika majina yote, kisha tutagawana nyumba za kutembelea, wawili wawili. Samaki mkunje angali mbichi.